Kwa Nini Steringi wa Kiasia Hapewi Busu? Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jinsi Waasia wanavyochorwa kwenye filamu za Marekani na wanavyotazamwa mitaani kule. Tumechagua tano.

Mnapoandika "Waasia" mnamaanisha nani? Huku Nairobi ukisema Mwasia, mtu anamwaza Mhindi wa Parklands.

Hapo ndipo tunapoachana na Wamarekani. Sensa yao inawahesabu pamoja Mhindi, Mfilipino, Mvietinamu, Mkorea, Mjapani na Mchina, lakini Mmarekani wa kawaida akilisikia neno hilo humwona kwanza mtu wa Mashariki ya Mbali. Mhindi naye ana kasumba zake, hasa ile ya muuza duka. Apu wa The Simpsons, katuni ya televisheni ya Marekani, aliyeanza kuonekana mwaka 1990, kwa miaka mingi sauti yake ilitiwa na mzungu, Hank Azaria, aliyeacha mwaka 2020 na baadaye akaomba radhi. Ukitaka kuona kinyume chake, tafuta Mississippi Masala ya Mira Nair (1991). Inahusu familia ya Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na binti yao anampenda Mmarekani mweusi, anayeigizwa na Denzel Washington. Binti yule ana nia yake na hasira yake. Majibu yanayofuata yanahusu zaidi watu wa Mashariki ya Mbali.

Juzi kibanda umiza cha kwetu Mbagala kilionyesha Romeo Must Die. Jet Li kapigana filamu nzima kwa ajili ya Aaliyah, mwisho wanakumbatiana tu. Steringi gani hapewi busu?

Umeona vizuri, ndugu. Busu lilipigwa picha. Lilipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, wanaoonyeshwa filamu kabla haijatoka, halikupokelewa vyema, likakatwa. Filamu ni ya mwaka 2000, lakini mkasi ule ulinolewa zamani.

Wachina walijenga kwa maelfu reli ya kuvuka bara, iliyokamilika mwaka 1869. Baada ya hapo wakasukumwa nje ya migodi na viwanda, na riziki iliyobaki kwa wengi ikawa kufua nguo za watu na kupika, kazi ambazo Marekani ya siku zile ilizihesabu kuwa za kike. Wake hawakuwa nao: sensa ya 1880 ilihesabu Wachina wanaume 100,686 na wanawake 4,779. Mwaka 1882 sheria ikawafungia mlango vibarua wa Kichina. Ilifutwa mwaka 1943, na hata hapo nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Majimbo kadhaa nayo yaliwapiga marufuku kuoana na wazungu. Kwa hiyo mtu alinyimwa mke kwa sheria, kisha akachekwa kwamba si mwanamume kamili. Huo ni ukatili, na filamu ziliurithi ukiwa tayari umepikwa.

Wala si kwamba watazamaji hawakuwahi kumpenda mwanamume Mwasia. Mjapani Sessue Hayakawa aliwapagawisha wanawake wa kizungu mwaka 1915 kwenye The Cheat, ingawa hata humo alipewa nafasi ya adui. Baadaye studio zikabaki na watu wawili. Wa kwanza ni mjanja mwovu kama Fu Manchu, ambaye mwaka 1932 aliigizwa na Mwingereza Boris Karloff aliyepakwa vipodozi. Wa pili ni kichekesho. Itazame Sixteen Candles (1984) ukiwa umetega sikio: akitokea yule mwanafunzi mgeni, Long Duk Dong, unalia upatu. Hajasema neno, na watazamaji wameshaambiwa wacheke. Mwigizaji wake, Gedde Watanabe, ni mzaliwa wa Utah. Lafudhi ile ilibidi aitunge.

Bruce Lee, aliyezaliwa San Francisco, aliivunja picha ya unyonge kwa Enter the Dragon mwaka 1973. Hollywood ikachukua ngumi zake, mapenzi ikayaacha. Ndiyo maana Jet Li anaruhusiwa kuvunja mbavu za watu kumi na bado hapewi busu moja.

Mwanamke Mwasia kwenye muvi za Marekani ama ni mnyenyekevu kupita kiasi ama ni jahili anayeua. Hakuna wa katikati? (Msomaji, Mombasa)

Dada, hao wawili ni mtu mmoja. Wote wamewekwa pale kwa ajili ya mwanamume mzungu: mmoja amhudumie, mwingine amtege.

Shuku hii ina umri mkubwa kuliko sinema. Sheria ya Page ya mwaka 1875, miaka 7 kabla ya ile ya vibarua, ilikataza kuingiza wanawake wa Mashariki ya Mbali kwa ajili ya ukahaba. Kwa vitendo, karibu kila mwanamke wa Kichina alishukiwa, akahojiwa kuhusu mwenendo wake Hong Kong kabla ya kupanda meli. Mwaka 1904 ikaja opera ya Madama Butterfly, ya Mjapani anayejiua kwa ajili ya afisa wa Kimarekani aliyemtupa. Kisha vita: Ufilipino, Japani, Korea, Vietnam. Penye kambi za wanajeshi palichipuka baa na madanguro, na askari wengi hawakumjua mwanamke mwingine wa nchi hizo isipokuwa yule aliyelazimishwa na njaa kuwa pale. Walirudi nyumbani na picha hiyo, na wengine wakaiandikia filamu.

Aliyetaka kuigiza mtu wa kawaida alizibiwa njia. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, aliitaka nafasi ya mke mkulima kwenye The Good Earth (1937). Kwa kuwa mume aliigizwa na mzungu, Paul Muni, na kanuni za sinema za wakati ule zilitumika kuzuia mapenzi ya rangi mbili, nafasi ilikwenda kwa mzungu Luise Rainer, akashinda nayo Oscar.

Msidhani mambo haya yanaishia kwenye kioo. Tarehe 16 Machi 2021, huko Atlanta na kitongoji chake, mtu mmoja alipiga risasi katika nyumba tatu za kukandia mwili. Waliuawa watu 8, kati yao wanawake 6 wenye asili ya Asia. Kwa mujibu wa polisi, alisema anaondoa kishawishi. Mama za watu waliotoka kutafuta riziki wakaitwa kishawishi.

Ukitaka kuipima filamu, jiulize juu ya mwanamke huyo: jina lake analo? Mzungu akitoka chumbani, anabaki na la kusema? Akiamka asubuhi anataka nini? Swali la tatu ndilo linaloangusha filamu nyingi. Lilijibiwa vizuri na Everything Everywhere All at Once, iliyompa Michelle Yeoh Oscar mwaka 2023: mama mwenye biashara ya dobi, anayesumbuliwa na kodi, mume na binti. Aliyeigiza mume wake, Ke Huy Quan, naye alishinda, na humo ni mwanamume mpole anayependwa.

Nafanya kazi ghalani Columbus, Ohio. Nilimwambia mwenzangu Mvietinamu, "Ninyi hesabu ziko damuni." Tangu siku ile ananikwepa. Si nilimsifu?

Ulimpokonya jasho lake, sifa ukaipa damu. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilitoa nafasi kwa wenye taaluma, wakiwemo madaktari na wahandisi, hivyo wengi walichujwa kwa elimu kabla hawajafika. Wavietinamu wengi hawakupita mlango huo. Walikuja wakimbizi baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, kama Wakongo wengi mlio nao hapo Ohio. Mwaka 2019 kipato cha kati cha kaya ya Wahindi kilikuwa kama dola 119,000, cha Waburma 44,400. Damu gani hiyo inayotofautiana hivyo?

Tena sifa hiyo ilienezwa kuanzia 1966, wakati wa harakati za haki za Weusi, kwa maana ya kuwauliza Weusi: mbona ninyi si kama hawa? Fimbo ile ilichongwa kwa ajili ya mgongo kama wako.

Mfuate akiwa peke yake. Mwambie: "Nilisema neno baya kuhusu hesabu. Samahani." Ishia hapo. Usiongeze "sikukusudia", maana utamlazimisha akufariji, na usimtake akueleze kwa nini aliumia. Siku nyingine sifu kazi yenyewe: kwa mfano, makasha aliyogundua yamehesabiwa mara mbili.

Natia maandishi ya Kiswahili chini ya filamu. Mhusika Mkorea anababaisha Kiingereza. Nimwandikie Kiswahili kibovu? (Mfasiri, Arusha)

Hapana. Mtazamaji anaisikia lafudhi. Ukimwandikia "mimi nataka kitu ile" unamchekesha mara mbili. Tumia sentensi fupi zenye ngeli sahihi, na usibadili r kuwa l kwa kuigiza matamshi yake. Akitukanwa kwa asili yake, tafsiri tusi lisikike kuwa tusi. Ukilipoza kwa kuandika "Mchina", unaligeuza kuwa jina lake.

Kosa tunaloliona zaidi ni la majina. Mistari ni miwili, kila mmoja una herufi kama 42, na maneno yetu ni marefu, basi mfasiri anafuta "Kim" na kuandika "yule Mchina". Kim ni herufi 3.