Kupima pembe ya goti bila maabara
Kaka, kama unataka kupima pembe ya goti la wakimbiaji wako wa Kasarani na huna pesa za kamera za maabara, simu inatosha kwa projekti ya digrii. Lakini usirekodi fremu 30 kwa sekunde, mguu hugusa chini kama robo sekunde tu so utapata fremu 7 ama 8, weka 240 na urekodi mchana. Stika bandika kwa ngozi, nyonga goti na kifundo, si juu ya kaptula (inacheza sana hiyo), na simu ikae kwa stendi ikiangalia ubavu wa mkimbiaji kabisa, ikipinda pembe zote ni uongo. Kinovea, programu ya kompyuta ya kupima pembe kwenye video, ni ya bure. Goti kuingia ndani usiripoti, kamera ya ubavuni haioni.