Trela ya kutisha: vunja kanuni moja, zilizobaki zishike

Mdogo wangu, umesema mmepewa kazi ya kutengeneza trela ya dakika mbili ya filamu ya kutisha, na mwalimu anataka aone mlipofuata kanuni za filamu za namna hiyo na mlipozivunja. Ukauliza pia kama muweke mshtuko wa mwisho baada ya jina la filamu. Kazi kama hiyo niliifanya nikiwa chuoni Dar es Salaam, tukiwa watu wanne na kamera moja ya kuazima. Tuliifanya mara mbili, maana ya kwanza ilianguka.

Ilianguka kwa sababu tulitaka kuvunja kila kitu. Vikundi vingine vyote vilikuwa na nyumba yenye giza, msichana anayekimbia, mlango unaolia, mganga na tunguri zake. Sisi tukasema hatutaki usiku, hatutaki muziki, hatutaki mayowe, hatutaki maandishi. Tukarekodi uani kwa shangazi yangu mchana kweupe, kanga zimeanikwa kambani, mtoto anacheza. Tulipoionyesha darasani, mwenzetu mmoja akauliza kwa nia njema kabisa kama ni tangazo la sabuni ya kufulia. Hakukosea. Hatukumpa hata dalili moja ya kumwambia aogope, na trela haina muda wa kumsubiri mtu agundue mwenyewe.

Lakini wazo la mchana hatukulitupa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Giza ni kanuni ya filamu. Hofu ya jua la utosi sisi wa pwani tumelelewa nayo. Nani hakukatazwa utotoni kucheza chini ya mbuyu au mkwaju saa saba mchana, kwamba hiyo ni saa ya majini? Na ule ukimya wa mtaani wakati huo unaujua: watu wamejilaza, redio ya jirani inasikika kwa mbali, hata kuku wamejikunyata kivulini. Kwa hiyo tukiondoa usiku tulikuwa na hofu nyingine ya kuweka mahali pake, tena ya zamani zaidi. Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani hofu hiyo itajieleza bila msaada.

Mara ya pili tukarudisha karibu kila tulichokikataa: mngurumo wa chini unaopanda polepole, ukimya unaokata ghafla, shoti zinazozidi kuwa fupi kadiri trela inavyokwenda, maneno meupe kwenye kioo cheusi, jina mwishoni, na jini asionekane kabisa. Sauti ya mtoto ni kanuni ya siku nyingi, nasi tukaichukua kupitia kombolela: mtoto ameegemea ukuta, kafumba macho, anahesabu wenzake wakajifiche. Tulichovunja ni giza tu.

Shoti iliyoibeba trela nzima ilikuwa ya kivuli. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, siku ambazo jua la Dar es Salaam hupita juu kabisa ya utosi. Kwenye saa sita na nusu ukisimama unakanyaga kivuli chako. Tukaifunga kamera kwenye tripodi, tukarekodi kanga, ndoo na mtoto, vivuli vyote vimejikusanya miguuni. Baada ya hapo kamera haikuguswa. Tulikaa zamu kuilinda hadi saa kumi na moja jioni, kisha mmoja wetu akasimama nje ya fremu, kivuli chake peke yake, kirefu, kikalala kwenye kipande cha ardhi tupu pembeni ya kanga. Kwenye kuediti tukaziunganisha: upande mmoja mchana, upande wa pili jioni. Jua la jioni lina umanjano, kwa hiyo rangi ilitusumbua usiku kucha. Kanga nayo kila ikipepea ilivuka mstari wa maungio, tukabaki na sekunde tatu tu ambazo upepo ulitulia. Zilitosha. Kama mnatumia simu, fungeni mipangilio ya mwanga na ya fokasi kwenye kamera, msiibadilishe, la sivyo picha mbili hazitaoana.

Shangazi alipoiona hakuuliza lolote kuhusu kamera. Aliuliza, "Hicho kivuli cha nani?"

Ukitaka kuona wakubwa walivyofanya, tafuta trela ya The Shining, filamu ya kutisha ya mwaka 1980. Trela kwa kawaida ni vipande vya filamu vilivyokatwakatwa. Ile ni shoti moja isiyotikisika: milango ya lifti, majina yanapanda kwenye kioo, halafu damu inafurika hadi kwenye kamera. Kukatakata kumeachwa, ila muziki wa kuogofya umebaki na unapanda vilevile. Ungeondolewa na huo, sijui kama mtu angengoja hadi damu ifike.

Kwenye maelezo mtakayomwandikia mwalimu, msiishie kwenye kanuni za Wamarekani. Msichana anayebaki hai peke yake mtajeni, na mtajeni Carol Clover, msomi wa filamu wa Marekani, aliyempa jina la "msichana wa mwisho" mwaka 1987. Lakini filamu za kutisha za Bongo nazo zina zake, na tangu mwongozaji Mussa Banzi atoe filamu yake ya Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 watazamaji wetu wamezizoea: mganga, marehemu anayerudi kudai haki yake, jini anayeishi na watu kama mtu. Msipozitaja, mtajikuta mmevunja kanuni ambayo mtazamaji wenu hakuwa nayo kichwani.

Sasa ule mshtuko wa mwisho. Kishindo na uso unaoruka kwenye kioo mtu anavingojea, hasa baada ya jina, maana kila trela inafanya hivyo. Nafasi ile msiiache, badilisheni kinachokaa humo. Kwetu mtoto alihesabu trela nzima, akafika kumi, kioo kikawa cheusi, jina likatokea kimya kimya. Tukaacha sekunde mbili bila sauti yoyote. Kisha sauti ya mtu mzima, karibu kabisa na maikrofoni, ikasema: "Kumi na moja."