Kazi zenye saa na kazi zisizo na saa: majibu ya maswali yenu ya Pokémon GO

Wasomaji wangu wa Nyanda za Juu Kusini, ujumbe wenu wa mwezi huu karibu wote ni Pokémon GO, ile gemu ya simu ya kutembea na kukamata viumbe, na karibu wote unauliza jambo moja: kazi ambazo gemu inakupa ufanye ili upate zawadi. Kazi gani ifanywe kwanza, ipi ina mwisho, kwa nini zawadi haikuja. Nimechagua barua zinazowakilisha nyingine nyingi. Gemu hii nami naicheza hapa Mbeya, asubuhi kabla sijafungua meza yangu ya ufundi simu Mwanjelwa, kwa hiyo najibu kwa ninayoyafanya. Kwa kuwa yenyewe haina Kiswahili, majina yanayotokea kwenye skrini nayaacha yalivyo ili mtu akiyatafuta ayaone.

Hujambo mwanangu. Nina mjukuu wa darasa la sita, anatumia simu yangu kucheza hiyo gemu ya kukamata viumbe. Jumapili alilia mpaka akasusa chakula. Anasema kazi zote alimaliza ila zawadi zimetoweka. Sasa anataka nimlipie tiketi. Je, tunaibiwa? – Bibi wa Uyole, Mbeya

Sijambo mama, shikamoo. Mpe pole mjukuu wangu. Hajaibiwa; muda ulimpita.

Mwambie afungue gemu, abonyeze alama ya darubini iliyo chini upande wa kulia. Humo ndimo kazi zote zinamokaa, na tangu utaratibu huu uanze mwaka 2018 zimezidi kuongezeka aina, ndiyo maana watoto wanachanganyikiwa. Kuna Field Research, yaani kazi ndogondogo za njiani: kamata viumbe watano, rusha mpira vizuri, angua yai. Hizi anazipata kwa kuzungusha PokéStop, vile vituo vya bluu kwenye ramani. Kuna Special Research, ambayo ni hadithi yenye kurasa. Humalizi ukurasa huu, huuoni unaofuata. Hii haina mwisho. Inaweza kukaa mwaka mzima na isikudai kitu.

Halafu kuna Timed Research. Kwa sura inafanana mno na ile ya hadithi, ina kurasa na zawadi vilevile, lakini juu yake kuna muda uliobaki, na muda huo ukiisha ukurasa wote unaondoka. Ndiyo iliyomliza mtoto. Na hapa kuna jambo ambalo hata watu wazima hawalijui: kumaliza kazi na kuchukua zawadi ni vitu viwili. Kazi ikikamilika inatokea sehemu ya kubonyeza ili upokee, na kazi zote za ukurasa zikikamilika kuna zawadi nyingine ya ukurasa mzima, nayo unaibonyeza. Mjukuu wako alikamilisha akafunga simu, akidhani zawadi zitamsubiri. Kwenye kazi zenye saa hazisubiri.

Kuhusu tiketi, mama, usilipe kwanza. Msimamo wangu ni huu: tiketi ya Timed Research kwa mtoto anayecheza kwa simu ya bibi, tena siku asizokuwa na shule tu, ni hela ya kutupa. Tiketi haimfanyii kazi, inamfungulia ukurasa tu, na asipomaliza ndani ya muda, hela na zawadi vyote vimekwenda. Kazi za bure zinamtosha kabisa. Kwenye simu yako weka Google Play idai nywila kila mtu anapotaka kununua chochote.

Na moja ambalo hukuniuliza. Uyole ni njia panda ya malori, haya yanakwenda Tunduma, yale Kasumulu. Mtoto anayefuata kiumbe kwenye ramani haangalii gari. Mwekee sharti kwamba simu inatoka mfukoni akiwa amesimama, mbali na lami, na awe na mkubwa. Hapo naomba usimlegezee hata akilia tena.

Shikamoo kaka. Nasoma chuo hapa Iringa, nakaa Kihesa. Karibu na ninapokaa kuna kituo kimoja tu, cha kanisani. Nataka ile zawadi ya mihuri saba, lakini rafiki yangu anasema ukiruka siku moja unaanza upya. Na likizo naenda kwetu kijijini, Makete, ambako sijawahi kuona kituo. Niache tu? – Mwanafunzi, Iringa

Marahaba mdogo wangu. Usiache. Barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu wengi wetu huku kusini tunacheza hivyo hivyo, kituo kimoja na moyo.

Rafiki yako amechanganya mambo mawili. Kuna zawadi ya kukamata kiumbe wa kwanza wa siku na kuzungusha kituo cha kwanza cha siku, na hiyo ndiyo inayotaka siku saba mfululizo; ukiruka, hesabu inarudi mwanzo. Mihuri ni kitu kingine. Unapata muhuri mmoja kwa siku, ile unapochukua zawadi ya Field Research yako ya kwanza siku hiyo. Ikifika saba unafunguliwa Research Breakthrough. Siku hizo si lazima zifuatane. Jumatatu muhuri, Alhamisi muhuri, wiki ijayo muhuri, zote zinahesabiwa.

Sasa angalia vizuri nilichosema: muhuri unakuja unapochukua zawadi, si unapokamilisha kazi. Hapo ndipo pa kuponea. Una nafasi tatu za kubeba kazi hizi kwa wakati mmoja, na kazi uliyoikamilisha bila kuibonyeza haiozi, inakaa pale pale. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari ya Makete, usibaki Kihesa. Shuka mjini kwenye vituo zaidi, maana kila kituo kinatoa kazi moja tu kwa siku na inabadilika usiku wa manane. Chukua tatu zilizo rahisi, zimalize, usizibonyeze. Ukifika nyumbani, bonyeza moja kila siku. Umekaa kijijini bila kituo hata kimoja na mihuri mitatu imeingia. Inahitaji mtandao kidogo tu, hata bando dogo linatosha.

Ina gharama yake: nafasi zikijaa, huwezi kuokota kazi mpya mpaka utoe moja. Ndiyo maana sikushauri udundulize wiki zote za chuo. Fanya hivyo unapojua unasafiri.

Ukiwa unaokota, chagua. Kazi inayosema ushinde reidi, yaani pambano la kumshinda kiumbe mwenye nguvu, kwa mtu wa kituo kimoja, ifute bila kuionea huruma; kuna alama ya kufutia pembeni. Ya kuzungusha vituo kadhaa, vilevile. Shika za kukamata, za kurusha, za kutembea na rafiki yako kiumbe, yule uliyemchagua aandamane nawe. Hizo zinadai miguu na mikono yako, na hivyo unavyo Kihesa na Makete pia.

Na kama kijijini viumbe nao ni wachache, tumia ule ubani wa bluu wa bure, Daily Adventure Incense, ulioletwa mwaka 2022. Unauwasha mara moja kwa siku, unadumu dakika 15, na viumbe wanakutokea ulipo, hata pasipo na kituo. Ila utembee, ukikaa kitako wanakuwa wachache sana. Unaowakamata hapo wanahesabiwa kwenye kazi zako. Mimi ningeuwasha ile saa ya kwenda kuchota maji au kusindikiza mgeni, kwa sababu njia unakwenda vyovyote vile.

Kaka, nafanya safari za Mbeya–Tukuyu kila siku kwenye Coaster. Mayai yangu hayasogei kabisa, na kazi za kilomita haziishi. Simu mbovu? – Kondakta

Simu nzima, kaka. Mayai yanaanguliwa kwa kilomita unazotembea, na gemu inahesabu mwendo wa mtu anayetembea, na Coaster hata ikipanda mlima imejaa inakwenda haraka kuliko hapo. Washa Adventure Sync kwenye mipangilio, itahesabu hatua zako hata gemu ikiwa imefungwa. Wewe stendi unatembea sana unapoita abiria, hizo zote zitaingia. Kuna na zawadi za wiki kwa kilomita 5, 25 na 50, zinatoka Jumatatu. Nadhani 25 utazipata bila kujua.

Mambo vipi bro. Nimepewa kazi ya kurusha Excellent tatu mfululizo, nimekaa nayo mpaka nimechoka. Natupa mpira unaingia kwenye duara lakini hesabu inarudi sifuri. – Muuza matunda, Kabwe

Poa mdogo wangu. Mpira kuingia kwenye duara hakutoshi. Duara la rangi linapungua na kupanuka, na ukubwa wake ule mpira unapogonga ndio unaoamua: likiwa kubwa ni Nice, la kati ni Great, dogo kabisa ni Excellent. Kwa kuwa kazi yako inasema mfululizo, ukipata Great katikati imekatika, hata kama ni urushaji mzuri.

Fanya hivi. Shika mpira usiuachie, tazama duara likipungua. Likifika udogo unaoutaka, inua kidole bila kurusha. Sasa subiri. Kiumbe atafika mahali ataruka au atashambulia, na wakati huo huwezi kumgonga. Anapokaribia kumaliza kuruka au kushambulia, shika mpira, uzungushe ili upinde, urushe ufike pale anapotulia. Duara litatokea na ukubwa ule ule ulioliacha. Umeligandisha. Kilichobaki ni shabaha, maana ukubwa hauna wasiwasi tena.

Usijifunzie kwa viumbe wadogo walio mbali. Ngoja wakubwa walio karibu, duara lao dogo bado ni pana. Anayehangaika kurukaruka mpe tunda la Nanab, linamtuliza. Na mwezi Juni na Julai, asubuhi ile ya baridi ya Mbeya ambapo vidole vimekufa ganzi, hiyo kazi iache. Ifanye saa saba mchana jua likiwa limetoka. Kazi za njiani ulizokwisha okota hazina saa, kwa hiyo huna wa kumkimbiza.

Habari mwandishi. Niko kwenye ile hadithi ndefu ya kumpata Mew, nimekwama pa kumbadilisha Magikarp. Wanataka pipi 400! Nina 90 na kidogo. Niendelee au nitafute njia nyingine? – Mwalimu, Tukuyu

Nzuri mwalimu, na hongera kwa kufika hapo. Njia nyingine haipo, ila hiyo iliyopo ni nyepesi kuliko inavyotisha. Kwanza, ni Special Research, haina mwisho. Pili, wewe uko Tukuyu, mahali pazuri kabisa kwa kazi hii: gemu inafuata hali ya hewa ya hapo ulipo, na mvua ikinyesha viumbe wa maji wanatokea zaidi. Tukuyu mvua haiombwi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Pipi ndizo zinazolipia kumbadilisha kiumbe, na unazipata kwa kukamata wa aina yake. Magikarp mmoja, yule samaki, ukimkamata anakupa pipi 3. Ukimlisha tunda la Pinap kabla ya kurusha mpira, zinakuwa 6. Ukimpeleka kwa profesa, yaani ukimwondoa kwenye mkusanyiko wako, unapata 1 nyingine. Jumla 7. Kwa hizo 310 unazopungukiwa, ni samaki 45 hivi. Matunda yako yote ya Pinap yatunzie hawa, usiwape wengine. Wakati huohuo mfanye Magikarp mmoja awe rafiki yako wa kutembea naye. Anatoa pipi 1 kwa kila kilomita 1, na kilomita 1 ni fupi kuliko wanazodai viumbe wengi. Mwalimu anayekwenda shule kwa miguu na kurudi, zinajikusanya.

Nakusihi jambo moja: usizitumie pipi hizo kumwongezea nguvu Magikarp. Nguvu zake hazina faida yoyote kabla hajawa Gyarados, kiumbe anayebadilika kuwa yeye, na kila pipi unayomwekea inaondoka kwenye hizo 400. Na unapowapeleka kwa profesa, mbakize mmoja.

Kaka, nimemaliza kazi, zawadi ikawa kiumbe niliyemtafuta siku nyingi. Mipira ikaniishia katikati, nikatoka. Nimempoteza? – Msomaji, Makambako

Hujampoteza. Kiumbe wa zawadi ya Field Research hakimbii. Ukitoka anahifadhiwa humo humo kwenye darubini, na gemu inaweza kukutunzia hadi 100. Nenda ukazungushe kituo kwanza ujaze mipira, upate na matunda ya Razz yanayorahisisha kukamata, halafu ndiyo umrudie.