Kwa nini MV Bukoba ilizama ilipotobolewa?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nimekulia Igoma, Mwanza, karibu na makaburi ya waliokufa kwenye MV Bukoba. Wazee husimulia kwamba meli ilipinduka lakini ikabaki inaelea, watu wakasikika wakigonga ndani, na ilipotobolewa ili watolewe ndipo ikazama. Lakini nimesoma kwamba mwaka 1941 Wamarekani walitoboa meli iliyopinduka na wakatoa watu hai. Mbona kule iliwezekana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazee wamekusimulia sawasawa. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilikuwa imekaribia Mwanza ilipolala upande ikabinuka. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Walikufa watu zaidi ya 800. Kwa nini ilipinduka ni habari ndefu ya siku nyingine. Wewe umeuliza kilichofuata.

Chukua chupa ya maji ya plastiki, ikate kitako, uache kifuniko kimefungwa. Izamishe kwenye ndoo, upande uliokatwa ukiwa chini. Utaona mkono unasukumwa juu, na maji hayapandi ndani. Sasa fungua kifuniko. Hewa inatoka kwa sauti, maji yanapanda, na ule msukumo unakwisha. Meli iliyobinuka ni hiyo chupa. Haielei tena kwa umbo lake, inaelea kwa hewa iliyonaswa ndani, na tumbo lake lililo juu ya maji ndicho kifuniko.

Watu wengi hudhani tundu dogo linavujisha kidogo kidogo. Sivyo. Hewa ile imebanwa na ziwa zima, kama upepo ndani ya tairi. Tuseme maji ndani ya meli yako chini ya maji ya nje kwa mita 1 tu. Mkandamizo huo unatosha kuirusha hewa kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kata mlango wa nusu mita kwa nusu mita, kiasi cha mtu kupita, na kwa hesabu yangu zitatoka zaidi ya mita za ujazo 15 kila sekunde. Kila mita moja ya ujazo inayotoka, tani moja ya maji inaingia. Kwa hiyo ndani ya dakika moja meli imepoteza mamia ya tani za nguvu ya kuelea, na kwenye meli ya abiria, ambako korido na ngazi zinaunganisha vyumba, ni vigumu kuyazuia maji. Waliokuwa juu ya tumbo la MV Bukoba na vifaa vyao walitaka kuokoa. Nisingependa mtu awalaumu bila kuifanya hesabu hii kwanza.

Sasa Marekani. Meli uliyosoma habari zake ni USS Oklahoma, meli ya vita iliyopinduka kwenye bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, Desemba 7, 1941. Bandari ile ni ya kina kifupi, na meli ilipobinuka sehemu zake za juu ziligota kwenye tope. Haikuwa inaelea, ilikuwa imekaa. Ukiitoboa haina pa kwenda. MV Bukoba chini yake ilikuwa na maji ya mita zipatazo 25.

Na hata kule haikuwa kazi rahisi. Moto wa gesi wa kukatia chuma uliila hewa ya waliokuwa ndani, kwa hiyo mafundi wakiongozwa na Julio DeCastro wakahamia patasi zinazoendeshwa kwa upepo uliobanwa. Kila walipopasua, hewa ilitoka na maji yakawapanda waliomo, ikawa mashindano. Walitolewa 32.

Meli ikiwa inaelea, njia ni kupita chini. Mpiga mbizi anaingia kwa mlango uliozama, anampelekea mtu kifaa cha kupumulia na kutoka naye. Mwaka 2015 meli ya abiria ilipopinduka Mto Yangtze, China, wapiga mbizi walitoa watu hai kwa njia hiyo. Hapa kwetu, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, fundi wa injini alitolewa na wapiga mbizi akiwa hai siku mbili baadaye. Ziwa ni lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii wapiga mbizi waliingia ndani.

Je, wote wa MV Bukoba wangepona? Hapana, siwezi kukudanganya. Hewa huvuja yenyewe kupitia mabomba na madirisha, na pumzi za watu wengi chumbani huwa sumu kabla hewa safi haijaisha. Baharia Harrison Okene aliishi saa 60 hivi chini ya bahari ya Nigeria mwaka 2013, lakini alikuwa peke yake.

Kwa mvuvi anayefika wa kwanza: gonga ili wa ndani wajue wamesikika, weka alama mahali sauti inapotoka, usifunge mtumbwi wako kwenye meli, na ukikuta bomba linapuliza hewa lizibe kwa nguo, gunia au chochote ulicho nacho.