Mama amepinda mdomo kisha akarejea hali yake: msisubiri kesho

Ndugu yangu, umeeleza kwamba asubuhi ya leo mama alipinda mdomo, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayaeleweki, kisha baada ya nusu saa akarejea hali yake, na sasa wazee wanashauri asubiriwe hadi kesho. Nakusihi asisubiriwe, apelekwe hospitali leo hii. Dalili za namna hiyo huenda zimetokana na mshipa wa ubongo ulioziba kwa muda, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo.

Nimemuuguza baba yangu mdogo huku Tanga. Alipoanguka, watu walisema amepigwa na upepo mbaya. Akasomewa, akachuliwa kwa mafuta, na alipofikishwa hospitali siku ya pili tulielezwa kwamba dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Sipingi dua hata kidogo, lakini dua inasomeka hata ndani ya gari.

Hata pale ambapo dawa hiyo haipatikani, na hospitali zetu nyingi hazina, kuwahi kuna faida kubwa. Watampima sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana huleta dalili zinazofanana na za kiharusi, na hurekebishwa haraka. Watapima presha na mapigo ya moyo. Watahakikisha kwanza kama anaweza kumeza, jambo ambalo wengi hawalijui: baba mdogo alinyweshwa uji na majirani wenye huruma, ukampalia, akapata nimonia iliyomtesa kuliko mkono uliopooza.

Kwa hiyo dalili zikirudi, asile wala asinywe chochote, na alazwe ubavu ikiwa anatapika au amelegea. Msimpe aspirini kabla ya picha, kwa kuwa ikiwa mshipa umepasuka itaongeza madhara, wala dawa ya presha ya jirani.

Mmoja wenu apige simu kuuliza kama mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya kichwa, inafanya kazi, maana rufaa hula saa nyingi. Chukueni dawa zake zote, na mwambieni daktari saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Akiamka amepooza, saa huhesabiwa tangu alipolala.