Mtandio wa kipande cha kufutia cherehani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni baki gani ulilokataa kutupa, na ulilifanyia nini? Langu ni kipande cha shifoni rangi ya maziwa, urefu sentimita 60, upana wake wote 112. Nashona kibarazani hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na mtaa wa Sofia. Kipande kilibaki kwenye gauni la mama mmoja aliyekuwa anamsindikiza mdogo wake harusini. Nilimuuliza kama anakitaka, maana mafundi tunasemwa sana kwa mabaki. Akajibu, "Hicho? Futia cherehani."

Shifoni haifuti kitu, hata mafuta hainyonyi. Nikaamua kukigawa vipande viwili vya sentimita 30, niviunge ncha kwa ncha, nipate mtandio wa mita mbili na ushee.

Wenzangu mnaoshona gomesi, lile vazi refu la kina mama wa Uganda, mtanielewa. Gomesi hula mita sita, lakini kitambaa chake ukikilaza kinalala. Shifoni ukiilaza inahama: chaki umeipitisha hapa, mkasi unatokea pale. Mimi huitia wanga kwanza, na wanga wa dukani sinunui muhogo ukiwepo. Kwaruza muhogo mbichi, changanya na maji, chuja, acha yatulie mpaka unga mweupe ukae chini. Kijiko kimoja cha unga huo koroga kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka, koroga mpaka yawe mepesi kama uji wa mgonjwa. Yakipoa chovya kitambaa, kamua bila kusokota, anika kivulini, kisha piga pasi ya uvuguvugu ukiwa umekifunika kwa kanga. Shifoni ya polista ikikutana na pasi ya moto inayeyuka, wala haikupi nafasi ya kuomba msamaha. Kama yako ni hariri halisi, jaribu pembeni kwanza, kwa sababu maji huweza kuiachia madoa.

Kitambaa sasa kinakakamaa kama karatasi. Hata hivyo sikati kwa macho: nachomoa uzi mmoja polepole kutoka ukingo hadi ukingo, unabaki mstari mwembamba, mkasi unaufuata huo.

Kwenye kiungo nilifunga sindano mpya namba 9. Butu huvuta nyuzi. Nilishona kwanza pande za ndani zikiwa zimetazamana, za nje zikiwa nje, milimita 5 kutoka ukingoni, nikapunguza hadi 3, nikageuza na kushona tena, nyuzi zote zikafungiwa ndani. Ukianza, shika ncha za nyuzi mbili kwa nyuma, la sivyo cherehani itakimeza kitambaa. Weka pia ukanda wa karatasi chini, utauchana baadaye. Karatasi ya daftari, si gazeti! Mara ya kwanza nilitumia gazeti, wino ukahamia kwenye shifoni, na sentimita mbili zikaondoka kwa mkasi.

Pindo ndilo lililonila siku. Jumla ni karibu mita tano, na mashine ingenimalizia kabla ya chai. Lakini pindo la mashine kwenye kitambaa chepesi hukauka kama waya, na mtandio haudondoki vizuri begani. Nikakaa na sindano ya mkono. Unalowesha ncha za vidole (mate yanatosha, tusidanganyane), unaviringisha ukingo mpaka unakuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti, unapitisha sindano ndani ya mviringo, unadokoa uzi mmoja au miwili ya kitambaa chini yake, unarudi. Kila baada ya mishono kumi, vuta uzi taratibu, nao mviringo unajifunga wenyewe. Jioni tatu zilikwisha hivyo, moja yake umeme ulikatika nikamalizia kwa taa ya simu. Nikaufua, wanga ukatoka, ukawa mwepesi kama moshi.

Jumapili nikauvaa kanisani. Nani akaja kunishika bega baada ya ibada? Mama yule yule.

"Fundi, shifoni hii umeipata wapi? Inafanana na gauni langu."

"Mama, ndiyo ile uliyosema nifutie cherehani."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza bei. Nilisema shilingi elfu ishirini za Uganda. Alitoa kumi na tano, na mtandio akaondoka nao shingoni.

Fundi wa Busia