Vunjo si wilaya, na Arusha Chini si Arusha

Moshi Vijijini ina watu wangapi? (Msomaji, Himo)

Tuanze na jina. Wilaya ni moja, Moshi, mkoani Kilimanjaro, yenye mkuu wa wilaya mmoja na halmashauri mbili: Manispaa, na Halmashauri ya Wilaya, ambayo ndiyo mnaiita Vijijini. Hiyo ya pili ilihesabiwa watu 535,803 kwenye sensa ya 2022. Mwaka 2012 walikuwa 466,737. Yaani wameongezeka kama asilimia 15, wakati nchi nzima iliongezeka asilimia 37 hivi. Msiniambie ni uzazi wa mpango peke yake. Hesabu vijana waliobaki kwenu halafu uniandikie tena.

Mbona Desemba tunajaa kuliko hizo namba zenu? (Msomaji, Marangu)

Sensa ilikuwa Agosti 23. Mtu huhesabiwa alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo, na wewe ulilala Tabata. Ukipanda huku Desemba kuchinja mbuzi unaongeza foleni, huongezi idadi ya watu.

Mkuu wa Wilaya ya Vunjo ofisi yake iko wapi?

Haipo. Vunjo ni jimbo la uchaguzi. Nimechoka kulijibu hili.

Arusha Chini iko Arusha sehemu gani?

Iko Kilimanjaro. Ni kata ya Moshi Vijijini, huko kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC.

Kati ya mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, mkubwa nani? (Msomaji, Uru)

Mwenyekiti mlimchagua wenyewe, mara ya mwisho Novemba 27, 2024. Mtendaji ni mwajiriwa. Lakini mkubwa wao wote ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe na kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Mapato na matumizi yanasomwa pale, na anayetaka kuuliza anauliza pale.

Sasa nikwambie nilichokiona kwetu. Mkutano uliitishwa saa tatu. Saa tano tulikuwa kumi na wanane, wengi wao kina mama waliopitia pale na majani ya ng'ombe kichwani. Taarifa ya fedha ilisomwa dakika tatu, kisha tukaulizwa "kuna swali?" huku faili linafungwa. Kimya. Jioni kwenye mbege kila mtu alikuwa mkaguzi wa hesabu, hata wale ambao hawakutia mguu mkutanoni.

Nauziwa kihamba (shamba la nyumbani la ukoo) Kibosho, mtendaji ameshagonga muhuri. Nilipe? (Msomaji, Arusha)

Usilipe. Muhuri wa mtu mmoja si idhini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi hiyo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na wewe mgeni ndiyo kabisa lazima wakujadili. Omba uone muhtasari wa kikao. Kisha mtafute mke wa muuzaji, na umkute peke yake: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake, Sheria ya Ndoa imesema hivyo tangu 1971. Kaka za muuzaji nao waulize, maana kihamba cha baba huwa na wenye nacho wengi kuliko anayekionyesha.

Nenda mchana, utembee mpaka mzima na majirani, sale kwa sale, ile mimea tunayopanda kuweka mipaka. Ukikuta masale mabichi yamepandwa juzi, uliza ya zamani yalikuwa wapi. Na muuzaji akitaka mmalize leo jioni kwa sababu kesho anasafiri, mwache asafiri.